Jina Kwenye Mpini

Harlan Pruitt alikuwa fundi wa kutandika mazulia mjini Dalton, Georgia, na kazi hiyo ilikuwa imemla goti. Wakati huo kila fundi alivuta zulia kwa namna moja: unakita meno ya kifaa karibu na ukuta, kisha unaugonga mto wake wa nyuma kwa goti, tena na tena, mpaka zulia linyooke na kunaswa na misumari. Alipofika miaka hamsini, goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama boga, na ngazi za kanisa hakuzipanda bila kushikwa mkono.

Kwa hasira za goti lile akajifungia bandani, akabuni kifaa kingine. Hiki kilivuta kwa mkono: unabana wenzo, kichwa chenye meno kinasogea, na kishikizo cha chuma kilicho ndani kinakizuia kisirudi kwa ghafla. Kishikizo ndicho kilichomtoa jasho. Alijua zulia lililovutwa likikuponyoka litakufanya nini.

Kampuni moja ya zana ikakipenda, ikaanza kukiuza. Kwenye mpini ikachonga jina lake, PRUITT, na Harlan akavimba kichwa kwa majuma kadhaa.

Kisha Lamar, ndugu wa mkewe, akaingia jikoni akiwa amefungwa mkono bandeji mpaka kiwiko, kifaa kile kikiwa mkono wa pili.

"Shemeji, dude lako limenitafuna," alisema. "Limechomoka nikiwa nimeweka mkono mbele yake. Vidole viwili daktari hana uhakika navyo."

"Haliwezi kuchomoka. Ulilikita vibaya."

"Mimi? Nimetandika mazulia tangu wewe una nywele."

Verlene, mke wa Harlan, akaacha sufuria ya maharage. "Mnabishana nini? Lifungue uone."

Harlan akachukua bisibisi, akalifungua palepale mezani. Pale palipopaswa kuwa na kishikizo cha chuma palikuwa na kipande cha plastiki, kimepasuka katikati. Masikio yalimwaka moto.

"Niambie hukujua," Lamar alisema taratibu.

"Sikujua."

"Basi jina lako linafanya nini hapa?"

Asubuhi akaenda kwenye duka la zana la Buford, ambako wakala wa kampuni, bwana mmoja aitwaye Kessler, alikuwa akiwaonyesha mafundi kifaa kile. Harlan akajikokota hadi mbele, akabwaga kipande cha plastiki juu ya kaunta.

"Nani aliwaruhusu?"

Kessler akatabasamu. "Mzee Pruitt, chuma ni kizito. Wateja wanataka kitu chepesi."

"Wanataka na vidole vyao. Shemeji yangu yuko nyumbani hawezi kufunga kifungo cha shati."

"Mkataba unaturuhusu kubadili. Uliusaini mwenyewe."

"Basi ondoeni jina langu. Leo."

Alitegemea ubishi, alikuwa amejiandaa kupigana. Kessler akafikiri kidogo tu.

"Sawa. Kuanzia shehena ijayo tutaandika jina la kampuni. Umeridhika?"

Harlan alikuwa amepewa alichoomba, na kifaa kingeendelea kuuzwa vilevile, kikiwatafuna watu ambao sasa wasingejua hata wamlaani nani. Hasira ikampanda upya, safari hii kwa nafsi yake. Alikuwa amekuja kutetea jina, wakati mkono wa Lamar ulikuwa umelala juu ya mto kule nyumbani.

Akawageukia mafundi. "Msinunue hiki. Mimi ndiye niliyekibuni, na ninawaambia kitawakata."

"Harlan, usinifukuzie wateja," Buford, mwenye duka, alisema. "Toka dukani kwangu."

Akatoka. Lakini hakwenda nyumbani. Alitoa garini kifaa cha kwanza alichokitengeneza kwa mikono yake, chenye chuma chake ndani, akasimama ukingoni mwa barabara, ambako Buford hakuwa na mamlaka. Alimsimamisha kila fundi aliyepita, akamfungulia, akamwonyesha. Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia hasira zimempanda kichwani.

"Zimenipanda, ndiyo," Harlan alijibu. "Sogea uone hapa ndani."

Goti lilimuuma vibaya. Kesho yake alirudi tena, na Lamar alikuwa naye, mkono ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa shingoni.