Watani Wasioonekana Msibani

Mapumziko yalipofika, Nyanda alivua glavu akaziweka miguuni pa kocha wake, Kalinga. "Kocha, mimi golini sirudi."

Kalinga hakuuliza sababu. Kipindi kizima mashabiki wa timu pinzani, Ilomba, walisimama nyuma ya goli wakilia kama ng'ombe, huku wakimwambia mtoto wa miaka kumi na minne, "We Msukuma, rudi kwenu ukachunge." Kwao ni Ubaruku, mkoa huu huu, alikozaliwa.

Kalinga akamfuata msimamizi wa mechi, mzee Obeid, aliyekuwa amejituliza kivulini na soda yake, akamshtakia.

"Aa, Kalinga, huo ni utani tu wa makabila," Obeid alisema. "Muungwana hakasirikii utani."

"Kumbe ni watani. Unisamehe, mzee wangu, sikujua. Maana bibi yake Nyanda tumemzika Jumatatu, na mtani ndiye huchimba kaburi na kuosha masufuria. Tulichimba wenyewe. Labda hawa watani walikosa nauli."

Obeid akaitazama soda yake.

"Arobaini inakuja," Kalinga akaendelea. "Nipe hicho kipaza sauti niwaalike."

Akawaalika kwa heshima zote. Akaomba walio tayari kuosha masufuria wanyooshe mikono, awaandike majina.

Hakunyoosha mtu. Ila wengi waligundua ghafla kwamba pembeni mwa uwanja, mbali na magoli yote mawili, kuna kivuli kizuri zaidi.

Kalinga akaziokota glavu, akamrudishia Nyanda. "Vaa, baba. Watani wako wamehama."

Nyanda akatazama nyuma ya magoli yote mawili, kisha akazivaa.