Bei ya Linux

Simu ya Khaemba ilimkuta Reena akifungua duka.

"Madam, hiyo Linux ulituuzia, nimesoma kwa cyber kumbe ni ya bure. Dunia nzima ni bure! Mwenyekiti amekasirika. Tunakuja leo."

Ikakatika kabla hajajibu.

Reena aliuza kompyuta mjini Nakuru. Mwaka huo wa 2007 alikuwa ameacha kuwawekea wateja Windows za wizi, akaanza kuwawekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Mteja wake mkubwa wa kwanza alikuwa ushirika wa wakulima wa viazi wa Mau Narok. Alipanda huko mara kadhaa, akaweka mfumo kwenye kompyuta zao, akawafundisha mpaka wakazoea. Ila walipouliza bei, alisema tu ni bei ya Linux. Aliona ndiyo njia rahisi.

"Tufunge twende nyumbani," mumewe Arjun alimwambia. "Huu ni mwaka wa uchaguzi. Mtu akisimama hapo nje apige kelele kwamba Mhindi ameuza kitu cha bure, nani atangoja maelezo?"

"Nikifunga nitaonekana mwizi."

"Kwani uongo? Si ni ya bure?"

Leseni ya Linux iliruhusu kuigawa, kuibadilisha, hata kuiuza. Reena alikuwa ameisoma tena na tena, lakini kila gari liliposimama nje alichungulia. Chai yake ilipoa, ikashika utando.

Mchana waliingia, Khaemba karani wa ushirika na Sally, mwenyekiti. Sally alikataa kiti.

"Tuambie. Ni ya bure ama si ya bure?"

"Ni ya bure, mama."

"Na ukatuuzia."

"Inaruhusiwa kuuza. Lakini pesa ilikuwa ya kazi yangu, kuja, kuweka, kufundisha. Sikuwaambia hivyo. Niliogopa mkisikia bure, mtataka na mimi nije bure."

"Tungetaka, ndiyo. Lakini ungetuachia tuseme wenyewe." Sally akageukia mlango. "Hayo uliyosema, utakuja kuwaambia wanachama."

Reena alikwenda, akapanda tena katika baridi ile ya Mau Narok. Aliwaambia yote akiwa amesimama, kisha akamkabidhi Khaemba diski ya Linux mbele yao na kumruhusu ainakili apendavyo. Wengine walinung'unika. Mzee mmoja aliuliza kama kuna kitu kingine cha bure walichouziwa, watu wakacheka, naye Reena hakujua kama acheke au alie. Mwishowe hawakudai warudishiwe pesa ile, ila wakaamua hawatamwita tena. Khaemba angewatosha.

Basi duka likapoa. Mteja mmoja wa Gilgil alimwambia kwamba Khaemba sasa anawawekea watu Linux. Usingizi ukampotea Reena. Je, ndio amefunga biashara yake kwa mikono yake mwenyewe?

Kisha Khaemba akaja peke yake, amechoka, akaketi bila kukaribishwa.

"Nimetoka kwa shule moja huko kwetu. Printer imenisumbua tangu asubuhi na bado. Na mwalimu ananiambia asante tu, eti si ni kitu ya bure?"

"Ukamwambia nini?"

"Ningesema nini? Niliogopa ataniita mwizi."

Kicheko kilimjia Reena, akakizuia. "Mwambie kabla hujaanza. Mfumo ni bure, siku yako si bure."

"Na akikataa?"

"Wengine watakataa. Nyinyi mlinikataa."

Khaemba aliinamisha kichwa. "Hiyo printer, madam. Yetu ya ushirika uliifanya aje ikakubali?"

Reena aliweka mkono kwenye kibodi, akauondoa. Akamtajia ada ya kumfundisha, na akamweleza ni ya nini. Nje mtu alikuwa akipiga honi. Khaemba alifikiri, akakuna shavu.

"Sawa," alisema. "Nionyeshe."