Ndege Iliyokuja Alhamisi

"Mtu akisikia ndege anapisha. Mbwa anapisha. Kuku anakimbilia uvunguni. Maksai wako wewe wanainua vichwa, wanaitazama, halafu wanaendelea kula," alisema Kulsumu, mkono mmoja kiunoni, mwingine ameunyoosha kuelekea uwanja wa ndege. "Umewafundisha nini hao?"

"Maksai hafundishwi ndege, Mama Saad," alijibu Adolfu. "Anafundishwa jembe."

"Basi jembe lako limenirudishia mtoto Mbeya."

"Na mimi je? Bertilla hakuwemo mle ndani?"

Hapo sisi majirani tuliosimama pembeni, tukijifanya tunapita, tukatazamana. Maana ni kweli. Ndege ile iliyozunguka mara tatu juu ya Sumbawanga mchana wa Alhamisi, ikashindwa kutua kwa sababu ya ng'ombe saba wa Adolfu, ilikuwa imembeba Saad wa Kulsumu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, na ilikuwa imembeba pia Bertilla wa Adolfu mwenyewe, anayesomea ualimu hukohuko. Mzee wa watu alikuwa amekaa kivulini anakula mahindi ya kuchoma, anaitazama ndege inavyozunguka, na kumbe mwanawe yuko dirishani anamwona baba yake na kofia yake.

Ulikuwa mwaka ule chama kilipobadilika jina, siku tatu kabla ya Krismasi. Mvua ilikuwa imelila daraja upande wa Laela na barabara ya Tunduma imekatika, malori yamelala huko wiki nzima. Ndiyo maana wanachuo wa mkoa wetu wakapewa nafasi ya ndege kutoka Mbeya, nasi tukaona kweli elimu ina heshima. Ila uwanja wetu ulikuwa majani, tena majani mazuri, mafupi na mabichi, hayana mfano Ufipa nzima. Makubaliano yalikuwa ya siku nyingi: Jumanne na Ijumaa, siku za ndege, ng'ombe hawapelekwi pale. Siku nyingine, anayewahi anakula. Sasa hii ilikuwa safari ya ziada, imekuja Alhamisi.

"Ndege siku yake Ijumaa," Adolfu akasema. "Mimi nitajuaje?"

"Utajuaje? Mji mzima ulijua. Simu ya maandishi ilikuja jana asubuhi, Saad ameandika Alhamisi saa saba."

Hapo ndipo Agnesi, mke wa Adolfu, aliyekuwa uani kwake anapepeta ulezi, akaweka ungo chini.

"Ilikuja kwako, Mama Saad," akasema taratibu. "Ukaisoma sokoni. Wauza dagaa wakajua, fundi baiskeli akajua, hata masista wakajua. Kwangu ni hatua ishirini. Hukufika."

Kulsumu akafungua mdomo. Sisi tuliomzoea tulijua mdomo ule haujawahi kufunguka bila kitu kutoka. Siku ile kilichotoka kilikuwa kidogo.

"Nilidhani Bertilla na yeye ameandika," akasema.

"Bertilla anategemea mwenzake aandike, anajua kwa mumeo Halfani posta inafika dukani. Alijua mtatuambia."

"Nilitaka nije kukwambia Bertilla akiwa ameshakanyaga chini," Kulsumu akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nikuone uso wako."

Mumewe, Halfani, alikuwa amesimama mlangoni mwa duka na kofia yake ya kufuma. Akamtazama mkewe, akamtazama Adolfu, akasema, "Haya. Ng'ombe wa huyu, ulimi wa huyu. Watoto wako Mbeya na baridi. Tufanyeje?"

Tukatawanyika kila mtu na lake moyoni.

Usiku ule kwa Halfani hawakulala sawasawa. Tunajua kwa sababu asubuhi Kulsumu mwenyewe alitusimulia kisimani, maana hata akiwa na huzuni hawezi kukaa na habari. Alikuwa anajiuliza wamelala wapi. Saad alipoondoka Septemba alibeba blanketi moja, na blanketi hilo alishawahi kuandika kuwa amemwazima rafiki. Mbeya usiku wa mvua ina baridi ya kuuma mifupa. Na wana fedha gani mfukoni? Na kama wamekasirika wakaamua kupanda lori la kuzungukia porini? Mwaka jana lori lilipinduka bonde la Rukwa, watu wawili wakavunjika miguu. Kila alichokifikiria alikifikiria mpaka mwisho wake.

Kwa Adolfu kulikuwa kimya, lakini moshi wa jikoni ulianza kutoka saa kumi alfajiri. Agnesi akiwa na wasiwasi hupika.

Ijumaa, siku halali ya ndege, wingu lilishuka mpaka likakaa juu ya paa la kanisa. Zenon, mtunza uwanja, alikuwa na filimbi, na bendera nyekundu, na mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, na siku ile vyote vilikuwa vimelowa. Alikaa kibandani kwake tangu asubuhi anasikiliza. Hakusikia kitu. Halfani aliporudi kutoka sala ya Ijumaa alipitia posta, akaketi kwenye benchi mpaka simu ya Mbeya ikapatikana. Upande wa pili alikuwa Zubery, mfanyabiashara mwenzake, na sauti yake ilikuwa kama inatoka ndani ya pipa.

Alirudi mbio, mzee yule, kanzu ameikunja mkononi.

"Watoto wako kwa Zubery," akasema kabla hajafika mlangoni. "Wote wawili. Wamekula, wamelala, wana mablanketi. Ndege inajaribu tena kesho saa moja asubuhi, kabla wingu halijashuka. Lakini rubani amesema hivi: akiona pembe moja tu uwanjani, anageuza, na hatarudi mpaka Jumanne."

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa mkesha wa Krismasi. Jumanne ilikuwa baada ya kila kitu.

Kulsumu akachukua kanga yake, akatoka. Tulidhani anakwenda jikoni. Akavuka njia, hatua zile ishirini, akasimama uani kwa Agnesi.

"Hodi, Mama Bertilla. Nimekuja kukwambia kitu kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote."

Agnesi akamwangalia. Akamsogezea kigoda.

Zenon alipoitwa alikuna kichwa. Kuwafunga ng'ombe wa Adolfu ni rahisi, alisema, kamba saba zinatosha. Shida ni ng'ombe wa watu wengine. Kuna kaya kama kumi na nane zinazolisha pale, na ng'ombe wenyewe wameshazoea, ukifungua zizi asubuhi wanakwenda bila kuongozwa. Uwanja hauna uzio. Yeye ana filimbi moja na miguu miwili.

"Uzio tutakuwa sisi," akasema Agnesi.

Basi wanawake wale wawili waligawana mtaa. Agnesi akaenda upande wa kanisa, kaya za wakulima, akawakuta watu wanasaga ulezi na kuosha mashuka. Kulsumu akaenda upande wa maduka. Kwa mara ya kwanza watu walimsikia akigonga mlango, akisema jambo moja, akiondoka. Wengine walimtania. "Mama Saad, unataka nisimame uwanjani kama mlingoti kwa ajili ya mtoto wako? Mimi wangu amesoma mpaka la saba tu." Akajibu, "Wako akipanda ndege nitasimama na mimi, tena nitakuja na kiti." Adolfu naye alipita zizi kwa zizi, kofia mkononi, akiwaomba wenzake wachelewe kufungua. Haikuwa kazi nyepesi kwake. Kila alipofika alichekwa kwanza: "Baba Bertilla, tumesikia ulimpungia mwanao ukidhani ni mbunge." Alisubiri wacheke waishe, kisha akaomba.

Asubuhi ya Jumamosi tulikuwa uwanjani kabla ya jua. Watu mia na ushei, nadhani, sikuhesabu. Balozi wa nyumba kumi alisema itaandikwa kuwa kazi ya kujitolea, na hilo likawaleta hata wale wasiopenda ndege. Tulipangwa pande mbili, mmoja hapa, mwenzake hatua tano mbele, kama uzio wa minyaa. Ukungu ulikuwa magotini. Majani yamelowa. Watu walikuwa wanaongea ng'ambo hadi ng'ambo, mambo ya mtaa yote yakasemwa asubuhi ile, posa ya nani imerudishwa na nani amekula akiba ya sukari ya duka la ushirika. Ng'ombe wawili walikuja kweli, wa yule mjane wa karibu na mto, wakafika kwetu, wakasimama, wakatutazama kwa mshangao mkubwa, kisha wakageuka.

Saa moja na robo tukaisikia. Ilitokea upande wa Laela, ndogo kuliko ile ya Alhamisi. Ikashuka, ikashuka, halafu ikainuka tena ghafla ikapita juu yetu.

"Anaogopa," akapiga kelele Zenon. "Anaona watu, hajui mnataka nini. Kaeni chini. Wote chini."

Tukakaa. Mzee Halfani na kanzu yake nyeupe, Adolfu, Agnesi, fundi baiskeli, masista wawili, wote tukachuchumaa kwenye umande kama watu waliokamatwa. Ndege ikazunguka. Kulsumu alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Mara ya pili ikaja chini kabisa, magurudumu yakagusa majani, maji yakaruka pande mbili, na kelele tuliyoipiga nadhani ilifika Chala.

Mlango ukafunguliwa. Akashuka bwana mmoja wa serikali na mkoba. Wakashuka vijana wawili wa Namanyere. Akashuka msichana tusiyemjua. Kisha akashuka Bertilla, mrefu kuliko alivyoondoka, begi moja mgongoni na jingine mkononi. Agnesi akamfikia kabla hajaweka mguu wa pili chini.

Kulsumu aliendelea kuutazama mlango. Akashuka mzee mmoja mwenye fimbo. Rubani akaufunga.

Bertilla akajitoa mikononi mwa mama yake, akaja, akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

"Mbeya, mama. Ndege ya leo ni ndogo. Viti vilikuwa sita na tulikuwa tisa. Jina lake lilisomwa, langu halikusomwa. Akasema nipande mimi, kwetu kesho ni sikukuu, yeye atakuja Jumanne. Nilikataa. Alichukua begi langu akaliingiza mwenyewe."

Kulsumu akaitikia kwa kichwa, akajifunga kanga upya, akaanza kurudi nyumbani peke yake, na sisi tukajua tumwache. Adolfu alibaki amesimama katikati ya uwanja. Alikuwa amempata mwanawe, na bado uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja chombo cha mwenzake.

Sasa, jikoni kwa Kulsumu sufuria zilikuwa motoni tangu alfajiri. Alikuwa amepika kwa ajili ya mtu mmoja: wali wa mchele wa bondeni, kuku wa kienyeji, na migebuka, samaki wa Kirando, aliyoihifadhi tangu Oktoba kwa sababu Saad aliandika kwamba kule bwenini wanakula maharage mpaka wanayaota. Harufu ilifika njiani. Yeye alikaa uani, hapakui, anachezea mwiko. Halfani alimwambia Jumanne si mbali. Akasema anajua hesabu.

Kama saa tatu hivi hodi ikapigwa. Alikuwa Bertilla, ameshabadili nguo, na lile begi la pili mkononi. Nyuma yake, hatua kadhaa, baba yake.

"Hili ni la Saad, mama. Amesema ulifungue, kuna kanga yako mpya. Na amesema nikwambie utamgombeza, lakini angekuja pia ungemgombeza, basi ameona agombezwe kwa jambo la maana."

Kulsumu akacheka bila kutaka. Akaufuta uso kwa ncha ya kanga.

"Amekonda?"

"Hajakonda. Ile suruali aliyoshonewa hapa haimfungi tena. Jana usiku kwa mzee Zubery alikula sahani tatu, mke wa Zubery akauliza kama huko chuoni tunalimishwa."

"Na blanketi?"

"Lipo. Aliyeazimwa amerudisha. Ila mama, huyo aliyeazimwa ni msichana."

Kulsumu akaweka mwiko chini. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi macho yake yakawa yale tunayoyajua.

"Msichana wa wapi? Wa nani? Hapana, usijibu. Habari ya namna hiyo haisimuliwi mlangoni. Ingia, mwanangu, ingia ukae, hiki chakula kilipikwa kwa ajili ya mtu wa safari na wewe ndiye uliyefika."

Bertilla akavua viatu. Adolfu akarudi hatua moja, kofia kifuani.

"Mimi nilimsindikiza tu, Mama Saad. Nilitaka kusema, Jumanne nitakuwa uwanjani tangu alfajiri. Mimi na kamba."

"Jumanne tutakuwa wote," akasema Kulsumu, akichota maji kwenye birika la kunawia. "Mwite na mkeo, mwambie aache huo ungo wake. Na wewe usinisimamie juani namna hiyo, Baba Bertilla. Sogea unawe mikono, uingie ule."