Mji Aliouchora Sekela

Kabla hata hajajua kusali, Sekela alishafundishwa jambo moja: shamba la mtu halinyooshewi kidole. Rungwe ardhi ni finyu, na kuna ndugu wasiosalimiana mpaka leo kwa sababu ya mgomba mmoja ulioangukia upande wa pili. Ukisimama njiani ukaonyesha shamba la jirani, kesho utasikia unalitaka. Bibi yake, Alinanuswe, aliyemlea tangu mama yake afariki, hakuwa na mchezo katika hilo. Aliwahi kumchapa kwa kuhesabu tu maparachichi ya watu.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa penseli za rangi akaambiwa achore mji mzima.

Warsha ilikuwa ya mradi mmoja uliojiita Kesho Yetu. Ilichukua siku tano katika ukumbi wa kukodi Tukuyu mjini, mvua ikipiga bati mpaka watu wanaongea kwa kupaza sauti. Vijana walikuwa thelathini, wengi wao wa aina ya Sekela: umri ishirini na kitu, cheti kipo, kazi hakuna. Mwezeshaji alikuwa dada mchangamfu kutoka Dar aitwaye Doreen. Aliwagawia karatasi kubwa zenye picha ya mji iliyopigwa kutoka angani, akawaambia wafumbe macho wauone mji wao mwaka 2050.

"Hapa hakuna wazo la kijinga," alisema. "Oteni!"

Wakaota, tena bila breki. Lwitiko, dereva wa bodaboda ambaye haijui haya tangu azaliwe, aliweka hoteli ya ghorofa kumi juu ya nyumba ya mchungaji wake, na uwanja wa ndege katikati ya mashamba ya chai. Ukumbi ulicheka mpaka machozi. Mwingine alilifuta soko, mwingine akafyeka mtaa mzima apitishe reli. Sekela alikuwa bado ameshika penseli. Kila alipotaka kuweka kitu palikuwa pa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anamjua kwa jina.

Alitaka maktaba. Alitaka karakana ya vijana, uwanja wa netiboli, na mahali pa kukaa penye taa na viti. Vitu vizuri, wala simlaumu kwa kuvitaka. Mwishowe akafanya alichoona ndiyo adabu. Akalitafuta kwenye picha shamba la bibi yake, pembeni mwa barabara ya kwenda Mpuguso, akavibana vyote humo humo. Akaridhika kwamba hajamgusa mtu.

Kutoka angani shamba lilikuwa doa la kijani tu. Migomba ilikuwa imefunika nyumba, imefunika njia, imefunika na makaburi manne: la babu yake, la mama yake, na ya wajomba wawili. Huku kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, karibu na mlango, asije akalala kati ya wageni. Na mahali pa tano, kando ya babu, bibi mwenyewe alishapachagua, akawa hapandi kitu hapo. Sekela aliyajua yote hayo, na makaburi ndiye aliyekuwa akiyapalilia. Lakini si ilikuwa kuchora tu, bwana? Nani anachora makaburi kwenye karatasi ya ndoto?

"Mbona wewe umekaa sehemu moja tu?" Doreen alimuuliza.

"Ni kwetu, dada."

"Safi sana! Umeanzia nyumbani." Akaupiga picha ule mchoro.

Siku ya mwisho zikaja fomu za kukabidhi michoro. Chini kabisa palikuwa na kisanduku: Familia yangu nimeishirikisha. Wali na kuku vilikuwa vinanukia nyuma ya ukumbi, na foleni ilishaanza. Wote thelathini waliweka tiki. Sekela naye akaweka tiki, akasaini, akaenda kula.

"Mlikuwa mnafanya nini huko siku zote hizo?" bibi alimuuliza jioni.

"Tulikuwa tunachora, Bibi."

"Watu wazima mnachora? Ee Kyala, Mungu wangu!" Bibi alicheka mpaka akashika kiuno, na habari ya ramani ikaishia hapo.

Miezi minane ikapita. Asubuhi moja yenye ukungu wakaingia wanaume watatu na vigingi vyekundu, wakaanza kuvigongelea kati ya migomba. Bibi alikuwa anakata ndizi, akatokeza na panga lake mkononi, na hao mabwana wakarudi nyuma bila kuambiwa.

"Sisi tumetumwa tu, Bibi," alisema mmoja wao. "Njoo mkutanoni Ijumaa, utaelezwa."

Kigingi kimoja kilikuwa kimesimama miguuni pa kaburi la babu. Sekela alikitazama. Alielewa palepale. Kulikuwa na siku nne mpaka Ijumaa, siku nne nzima za kusema, "Bibi, ni mimi." Kila alipofungua mdomo aliishia kuuliza kama chumvi ipo. Mimi simtetei. Woga ni woga, hata ukimkuta mtoto mwenye adabu.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mkuu wa mradi, Bwana Jairo, aliwasha mashine yake, na ukutani ukatokea mchoro wa Sekela, sasa umetengenezwa na wataalamu, unang'aa, na jina lake chini yake.

"Tulipokea michoro thelathini," alisema Bwana Jairo. "Ishirini na tisa ingetuingiza kwenye migogoro, maana kila kijana alichora kwenye ardhi ya mwenzake. Huyu binti peke yake alichora kwao, na familia imeridhia kwa maandishi. Tumpigie makofi!"

Basi adabu yote ile ndiyo iliyommaliza. Lwitiko na uwanja wake wa ndege alikuwa amekaa mbele kwa raha zake, nyumba ya mchungaji wake haijaguswa hata kigae.

Bibi Alinanuswe hakusoma sana, lakini kona ile ya barabara aliijua, na katika kijito kile alichota maji maisha yake yote. Akasimama.

"Pale ni kwangu," alisema. "Mimi nani ameniuliza?"

Makofi yakakatika. Bwana Jairo akainua fomu juu, watu wote waione.

"Bibi yangu, mjukuu wako amesaini hapa kwamba alikushirikisha. Kama hakukushirikisha, sema tu, tutasimamisha. Ila ujue, kusaini uongo ni jambo la polisi, na atakwenda kulijibu yeye. Sasa tuambie. Alikuambia, au hakukuambia?"

Jamani! Mama wa miaka sabini na minne, amesimama na mabuti yake ya matope, anaulizwa achague mbele ya mji mzima. Sekela alikuwa ameegemea ukuta. Ilikuwa zamu yake kusema, na ni neno moja tu: sikumwambia. Neno lilifika kwenye meno likageuka. Bibi akageuza shingo akamtazama, akamtazama tena, na aliyekulea huhitaji kumweleza kitu.

"Aliniambia," alisema Bibi Alinanuswe. "Uzee tu. Nilisahau."

Makofi yakarudi. Wakamletea wino, akaweka dole gumba.

Walirudi kwa miguu katika manyunyu. Walipofika tu mlangoni Sekela akapiga magoti kwenye tope, analia kwa sauti.

"Bibi, nisamehe. Kesho narudi kuwaambia ukweli. Wanifunge tu."

"Ukawaambie bibi yako ni mwongo? Nimeshasema mbele za watu. Maji yakimwagika hayazoleki." Akamshika mkono akamwinua. "Ilete hiyo karatasi yako."

Sekela akaileta nakala yake. Bibi aliitandaza mezani, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaweka kidole taratibu.

"Hapa ni nini?"

"Maktaba, Bibi."

"Hapo yupo babu yako. Na hapa?"

"Uwanja wa netiboli."

"Mama yako." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Sekela kuliko kiboko. "Wamesema watawafukua, wawapeleke makaburi ya mji. Sawa. Huu mji wako ni wa mwaka gani?"

"Elfu mbili hamsini."

Bibi akahesabu kwa vidole.

"Mwaka huo mimi nitakuwa nimeshakufa zamani," alisema. "Sasa nionyeshe, mwanangu. Mimi umenilaza wapi?"