Kifua cha Tansy

Majira yote ya baridi niliyatumia kumjenga Tansy, na mtu asinisifie kwa hilo.

Alikuwa teria jike wa rangi ya udongo mwekundu, manyoya magumu, kimo chake hakifiki gotini. Kazi ya mbwa kama yeye katika milima yetu ni moja: mbweha akianza kuua wanakondoo, teria anamfuata chini ya majabali, ama amtoe, ama ambwekee mpaka watu wafike. Mbwa wa kulala mbele ya jiko haiwezi. Basi tangu Novemba, kila nikitoka machimboni tunakochonga mawe ya kuezekea, nilimtembeza maili sita kwenye barabara ngumu ili nyayo zikomae na kucha zijisage zenyewe. Mara mbili kwa wiki nilimpandisha mlima wa Harter akivuta mnyororo uliofungwa kwenye mkanda wa kifuani. Mwanzoni ulikuwa mwepesi, kisha nikawa naongeza pete mbili kila wiki. Jumapili, wenzetu wakienda kanisani, sisi tulikwenda ziwani. Namrushia kijiti, anaogelea kukifuata, na anayetetemeka ukingoni ni mimi. Nyumbani anapewa uji wa shayiri na kichwa cha kondoo kilichochemshwa. Kufikia Machi alipanda Harter na kushuka bila kutoa ulimi nje, nami nikavimba kichwa. Nilimwonyesha kwa kila aliyepita barabarani, hata kwa postamasta, ambaye anaogopa mbwa.

Mjomba wangu Isaac ndiye hakufurahi. Yeye amefuga teria miaka hamsini na mazoezi anayoyajua ni kutembea tu. Kwetu mbwa wa shimo hupimwa kwa mikono. Unamshika kifuani, nyuma ya mabega, vidole gumba vikutane mgongoni na vingine vikutane chini. Vikikutana, anapopita mbweha naye atapita. Visipokutana, mwache alinde kuku.

Jumamosi moja Isaac alikuja nyumbani, akamwinua Tansy na kumpima.

"Havikutani," akasema.

"Lete hapa." Nikampima mimi. Vidole vyangu vilikutana na nafasi ikabaki. "Umeona? Mjomba, mikono yako imesinyaa kwa uzee."

"Yangu imesinyaa, sawa. Na yako je? Umepasua mawe miaka kumi na minane, hiyo ni mikono au ni sepetu? Kipimo ni mkono wa mtu, Jonty, si wa jitu."

"Wivu huo, mjomba. Mbwa wako wanahema wakipanda ngazi."

"Wanahema, lakini wanatoka." Akamweka Tansy chini, akachukua kofia yake. "Mvue huo mnyororo. Unamfanya fahali."

Sikumvua. Niliuacha mpaka wiki ya mwisho kabla ya kondoo kuanza kuzaa.

Aprili, kondoo wakiwa wanazaa, shemeji yangu Agnes alikuja asubuhi ya Jumatatu na gumboti zake zimejaa damu. Agnes ni mjane wa kaka yangu, anachunga peke yake kondoo mia mbili, na hana maneno mengi ya kupoteza.

"Wanne usiku mmoja," alisema. "Nimefuata nyayo za mbweha mpaka kwenye rundo la majabali, ubavuni mwa Harter. Huyo bingwa wako anafanya kazi, au ni wa kuogelea tu?"

Tulipanda sote watatu, Agnes na bunduki yake, Isaac na fimbo yake. Tansy hakungoja kuambiwa. Alinusa mwanya mmoja, mkia ukasimama, akaingia. Tukamsikia akibweka chini ya miguu yetu, akisogea. Mara mbweha akachomoka upande wa pili, mwekundu na mkubwa, akakimbilia bondeni. Agnes alimpiga risasi moja tu ikatosha.

"Shemeji, nimekuelewa," akasema, akicheka. "Mwite bingwa, nimpe ini."

Nikamwita. Akajibu kwa mlio mwembamba ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nikaita tena. Akalia tena, palepale.

Isaac akalala kifudifudi na tochi. Alikaa muda mrefu, kisha akainuka akijifuta matope.

"Kuna ufa kati ya mawe mawili. Amejisukuma kwa nguvu, kichwa na mabega vimepita, kifua kikakwama. Mbele haendi, nyuma harudi." Hakuniangalia. "Mbwa dhaifu asingefika pale. Angeshindwa, akarudi."

Majabali yale, dogo lao ni kama mkokoteni. Nikasema nitaleta baruti kutoka machimboni.

"Ukilipua, yote yatamshukia," alisema Isaac. "Kuna maji yanatiririka humo, nimeyasikia. Kiu haitamuua. Njaa itamtoa. Atakonda, atatoka."

"Siku ngapi?"

"Wangu mmoja alikaa nane. Wewe umeongeza nyama nyingi, sijui."

Jumanne na Jumatano sikwenda kazini. Nilikaa juu ya jiwe, na kila nilipokohoa, Tansy alilia na kukwaruza. Niliongea naye. Nilimwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia binadamu. Jumatano mchana Isaac alipanda na kipande cha mkate na jibini, akanisikia, akawaka.

"Nyamaza, mpumbavu wewe! Akisikia sauti yako anasukuma, akisukuma anavimba. Unataka kumsaidia? Shuka. Nenda mbali, asikusikie wala asikunuse."

"Nimwache peke yake gizani?"

"Ndiyo. Mwache."

Nilishuka. Sijui kama kuna kazi ngumu kuliko ile, na mimi nimebeba mawe maisha yangu yote. Nyumbani niliketi jikoni nikitazama mkanda wa kifuani ukining'inia kwenye msumari. Niliona aibu kula.

Alhamisi Isaac alipanda peke yake, akarudi akasema hakusikia kitu. Ijumaa asubuhi tulipanda wote. Nikalala kifudifudi, nikaita kwa sauti yote niliyokuwa nayo, nikarusha changarawe ndani ya mwanya. Kimya. Maji tu.

Isaac akavua kofia. Kwetu, shimo alimofia teria huzibwa na mwenye mbwa kwa mikono yake, mbwa wa mwingine asije akaingia akafa humohumo. Na kesho yake, Jumamosi, wawindaji wa bonde zima walikuwa wapite pale na mbwa wao.

"Tungoje mpaka Jumatatu," nilisema.

"Na teria wa watu kesho?"

"Wafungeni."

"Jonty." Aliniwekea mkono begani. "Siku mbili hajatoa hata mlio. Amekwenda, mwanangu. Zika."

Ningeweza kukataa. Nalisema hili wazi kwa sababu watu hupenda kumlaumu Isaac. Mbwa alikuwa wangu, na nilikuwa nimechoka kungoja. Nilitaka mwisho, uwe wowote ule, ili nirudi kazini, niache kutega masikio kila upepo unapovuma. Basi nikaujenga ukuta mdomoni mwa ule mwanya, na kwa kuwa ilikuwa heshima yake ya mwisho niliujenga vizuri kuliko ukuta wowote niliowahi kuujenga. Nilichagua kila jiwe na kulipachika. Kidole hakikupenya.

Jumamosi wawindaji walipita, wakavua kofia.

Jumapili saa nne asubuhi Agnes alikuja mbio, mtu ambaye hakimbii. Alisimama mlangoni akihema, mkono kifuani.

"Nilikuwa nahesabu kondoo kule juu," alisema. "Shemeji, kuna kitu kinakwaruza nyuma ya ukuta wako."

Sikuvaa koti. Njia niliyoipanda na Tansy kwa saa nzima niliipanda kwa nusu saa, na nadhani nilikuwa nikilia njia nzima, maana Agnes alinifuata akisema, "Pumua, Jonty, pumua." Isaac alikuwa ametuona kutoka uani kwake, naye akaja nyuma akijikongoja.

Pale mwanyani nilisikia. Kucha kwenye jiwe, mara mbili, halafu kimya kirefu, halafu mara moja. Alikuwa amekonda, akachomoka kwenye ufa, akatambaa kurudi njia aliyoingilia, akaukuta ukuta wangu. Kwa muda gani, sijui. Sitaki kujua.

Niliushika ule ukuta na haukutikisika. Kila jiwe lilikuwa limelishika lenzake, kama nilivyotaka. Nikavuta, nikachimba, kucha zangu mbili zikang'oka, nikaushambulia kwa matusi ambayo Agnes hajanikumbusha hadi leo. Isaac akanipa fimbo yake, nikaitumia kama mtaimbo, ikavunjika. Kipande kilichobaki ndicho kilichong'oa jiwe la kwanza.

Nikaingiza mkono gizani. Nilijua ataniuma. Teria aliyefungiwa siku saba huuma chochote, na nilitaka aniume. Niliunyoosha mkono wote, damu na vumbi, nikamngoja.

Pua baridi ikanigusa kiganja. Kisha ulimi, mkavu, ukaanza kunilamba vidole, kimoja kimoja, polepole, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kufanya haraka.

"Mzima!" Isaac alipiga kelele. "Mzima, mbwa huyu!"

Tulimtoa mawe matatu baadaye, ngozi na mifupa, makucha yameisha. Agnes alimfunga kwenye sweta lake, akicheka na kulia kwa pamoja. Tansy akageuza kichwa ndani ya sweta, akanitafuta kwa macho, na ule mkia wake mwembamba ukaanza kupiga.

"Mtazame anavyokuangalia," alisema Agnes. "Anajua ni wewe uliyemfungulia."

Aliishi miaka tisa zaidi, akilala juu ya viatu vyangu, akinifuata hadi machimboni, akiamini hivyo. Sikuwa na namna ya kumwambia.