Chakula cha Kurudi

Hakuwa na nguzo za hema. Hema lenyewe lilikuwepo, limekunjwa vizuri juu ya kabati, lakini hema bila nguzo ni shuka la bei mbaya. Viraka vya tairi na gundi alikuwa navyo, pampu hakuwa nayo. Alikuwa na sufuria ndogo, jiko la kuiinjikia hakuwa nalo. Hakuwa na ramani, wala koleo la kukatia cheni, wala dawa ya kusafishia maji. Hakuwa pia na mtu wa kumwachia ratiba, ile karatasi inayosema nitapita hapa, nitalala pale, nisiporudi siku fulani nitafuteni. Hilo la mwisho hakulitia kwenye orodha ya dukani, kwa sababu haliuzwi.

Watu walimwita Fundi Saa. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, chembamba kiasi kwamba mteja mnene alilazimika kuongea kutoka nje. Kila kiangazi alikuwa akikifunga, anapanda baiskeli pamoja na shemeji yake, mume wa dada yake, mtu mwenye mapaja mazito aliyepewa jina la Injini, wanavuka uwanda wa mawe ulio nyuma ya milima. Huko hakuna duka, simu haishiki, na gari haliwezi kupita. Ili wasilemewe waligawana mzigo. Huyu alibeba hema, yule nguzo. Huyu sufuria, yule jiko. Walifanya hivyo miaka mingi, hata wakaacha kupanga. Kila mmoja aliijua nusu yake.

Injini alikufa mwaka uliopita, wala si milimani. Aliinama barazani kufunga kamba za viatu aende kazini, hakuinuka. Nusu yake ya vifaa ilibaki stoo, kwa mjane wake.

Tangu siku hiyo Fundi Saa hakuwa amelia. Hakujizuia. Alikingoja kilio kama mtu anavyongoja chafya, kikakataa kuja. Alikula, na chakula kikawa kitu cha kutafuna tu. Saa za wateja ziligonga pande zote za kichwa chake naye hakuzisikia. Kiangazi kilipofika akasema anakwenda uwandani peke yake. Walipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba kiangazi kimefika.

Duka la baiskeli lilikuwa la Spoki, mwanamume mwembamba aliyeweza kupita kati ya rafu bila kugeuka.

"Karibu, mzee wa mishale! Leo unanunua, au umekuja kulipasha joto benchi langu?"

"Nataka nguzo za hema."

"Bila hema?"

"Hema ninalo."

"Hiyo ni kama kuniomba miguu ya meza. Nunua hema zima, bwana. Hili hapa la mtu mmoja, jepesi kama uongo. Ingia ujaribu."

Alilisimamisha sakafuni katikati ya matairi. Fundi Saa akavua viatu, akaingia, akalala chali. Kitambaa kilimgusa pua na vidole vya miguu.

"Unaonaje humo?"

"Kama sanduku."

"Sanduku gani?"

Fundi Saa aliikunja mikono kifuani. Spoki akajikuna shingo. "Toka, mzee, toka. Tuangalie turubai."

Darini palining'inia mizani ya ndoano, na kila kitu kilitundikwa hapo kabla ya kukubaliwa. "Hizi gramu ukiwa dukani huzioni," Spoki alisema. "Subiri kilima cha tatu, zitakuita kwa jina." Turubai likashinda hema. Wakachagua pampu fupi ya kufungwa kwenye fremu, jiko la gesi linalokunjika, ramani, koleo la cheni, dawa ya maji, na tairi pana lenye meno kwa ajili ya mawe. Spoki akaongeza kipande cha tairi kuukuu, cha kuwekwa kwa ndani pale jiwe litakapochana ubavu wa tairi. Fundi Saa alikubali kila kitu kwa kichwa. Mwishowe akatoa mfuko wa chakula aliokuwa ameufunga nyumbani, ili nao upimwe. Mchele, dengu, karanga, chumvi, majani ya chai.

Spoki aliuchungulia, midomo ikicheza kwa hesabu.

"Hiki ni cha kwenda."

"Ndiyo."

"Cha kurudi kiko wapi?"

"Cha kurudi anabeba shemeji."

Alilisema kama mtu anayetaja mtaa anaoishi. Mfuko ulikuwa ungali unazunguka kwenye ndoano. Spoki, ambaye alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza la Injini, aliushika ukatulia.

"Fundi, nikuulize kitu, usinikasirikie. Umesahau, au hukusudii kurudi?"

Fundi Saa alilitafuta jibu kwa dhati, kama anavyotafuta skrubu iliyoangukia ndani ya mashine ya saa. Alitazama kote. Hakuona kitu.

"Sijui," alisema.

"Basi sikuuzii." Spoki akaushusha mfuko, akamkabidhi. "Vitu vyako hivi naviweka pembeni, hakuna atakayevigusa. Ukipata jibu, rudi."

Kutoka hapo alikwenda kwa dada yake, akifikiri kwamba bila Spoki bado ipo ile nusu ya stoo. Dada alikuwa akishona mapazia. Sebule nzima ilikuwa imefunikwa kitambaa cha watu, hata kiti cha mgeni.

"Sogeza hicho ukae, mdogo wangu. Ukikikunja vibaya utakipiga pasi mwenyewe."

"Sikai sana, dada. Nimefuata nguzo za hema. Na jiko. Na ramani. Naenda uwandani."

Cherehani ikanyamaza.

"Na nani?"

"Peke yangu."

Dada aliuondoa mguu kwenye pedeli. "Siku ya msiba," alisema, "humu ndani watu wamejaa wanalia, wewe ukapanda kiti, ukashusha saa ya ukutani, ukaanza kuitengeneza. Nilikuona."

"Ilikuwa imesimama."

"Na mimi hukuniona?"

Aliitazama ile saa. Ilikuwa ikienda sawasawa. "Dada, sikujua mikono yangu niifanyie nini."

Dada aliuma uzi, akautema. "Haya. Na chakula cha kurudi anakufungia nani? Maana cha mume wangu nilikifunga mimi. Kila kifuko nakishona mdomo kwa uzi mwekundu, msije mkakila wakati wa kwenda. Nyie wawili kwa ulafi!"

"Mwaka mmoja Injini alifungua kimoja."

"Unadhani sikujua? Alikirudisha kitupu, amekishona mwenyewe. Mshono umekwenda upande kama mlevi. Hata uzi hakuwa nao, kashonea..."

"Kamba ya kiatu," alisema Fundi Saa.

Walikuwa karibu kucheka wote wawili. Kicheko kilifika pale kwenye kamba ya kiatu, kikasimama.

"Hujanijibu," alisema dada. "Nani anakufungia?"

"Spoki naye kaniuliza. Akaniuliza kama nakusudia kurudi. Nikamwambia sijui."

Dada hakupiga kelele. Alilainisha pazia magotini kwa kiganja, akalainisha tena palipokuwa pameshanyooka.

"Nguzo sikupi," alisema. "Na ratiba usiniletee. Zile zenu nilikuwa nazibandika pale mlangoni mwa kabati, nalala, naamka, nazisoma. Nimengoja vya kutosha. Siwezi kumngoja mtu asiyejua kama anakuja. Ukitaka nikungoje, nionyeshe kwanza kwamba unakuja."

Akarudisha mguu kwenye pedeli. Fundi Saa alilikunja lile pazia la kwenye kiti, akalikunja vizuri, akaondoka.

Siku mbili alifungua kibanda kama kawaida. Siku ya tatu, akitoka kazini, alipita dukani kununua mchele, dengu na karanga, kipimo kilekile cha mara ya kwanza, pamoja na kibunda cha uzi mwekundu. Hakuwa ameamua lolote. Alitaka kuona tu kama vitaenea.

Havikuenea. Aliitandaza mizigo yote kitandani, akaipakia kwenye mifuko ya baiskeli, mmoja akiuachia vitu vilivyo kwa Spoki, na zipu ikagoma. Akatoa blanketi zito, akabaki na begi la kulalia. Zipu ikagoma. Akatoa viatu vya pili, taulo, redio. Chini kabisa, ndani ya sufuria, alikuta vikombe viwili vya bati. Alikuwa ameviweka mwenyewe, wala hakukumbuka kuviweka. Alikishika kimoja kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji kushikwa, kisha akakirudisha rafuni kwa kukiinamisha kisiingie vumbi. Alikingoja kile kilio. Hakikuja. Zipu ilifunga.

Ndipo akavitoa tena vile vifuko vya chakula cha kurudi, akaketi chini ya taa na sindano. Mikono iliyozoea skrubu ndogo kuliko chawa ilihangaika na kitambaa kigumu cha vifuko. Alishona vyote.

Kesho yake alivitundika kwenye ndoano ya Spoki bila salamu. Spoki alivigeuza kimoja kimoja.

"Nani kashona? Mbona kama kovu la kuku?"

"Mimi."

"Inaonekana." Akaingia nyuma, akarudi na turubai, pampu na vile vingine vyote, akavipanga mezani. "Mzee, ukifika juu, tairi la nyuma lipunguze upepo kidogo. Ukirudi utaniambia."

"Nikirudi nitakuambia."

Siku hiyo alifunga kibanda mapema, akasafisha meza ya saa, akamwandikia dada ratiba. Aliandika bila mapambo: mahali atakapoanzia, korongo atakalolala usiku wa kwanza, kisima kilichobaki na maji, njia atakayoshukia. Akaandika kwamba hema ameliacha juu ya kabati, na nguzo zikae tu huko stoo; wakati wowote dada atakapotaka, ataletewa hema liungane na nguzo zake. Kisha akafika kwenye mstari wa siku ya kurudi. Kalamu ilisimama hapo mpaka wino ukaacha doa. Aliiandika siku yenyewe pembeni ya doa, kwa tarakimu kubwa, na chini yake: *Cha kurudi nimekifunga mwenyewe. Nisipofika siku hiyo, nitafuteni.*

Alikata kipande cha uzi mwekundu uliobaki, akakiweka katikati ya karatasi, akakunja. Akapitisha ulimi kwenye gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba kama anavyokandamiza kioo cha saa, akatoka mpaka kwenye sanduku la posta la kona ya jengo. Aliitumbukiza, akasimama mpaka alipoisikia ikigota chini.