Nasiba Hakutia Saini

Kamembe nzima ilimjua Nasiba kwa unga wake. Wanawake wa Nkanka walimletea mihogo mikavu vichwani, na wachuuzi wa Bukavu, ambao kwao mashine za kusaga zilikuwa tele, walivuka daraja la Rusizi kuufuata unga huohuo, wakisema hauna mchanga wala harufu. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu wa maneno, na alipopita sokoni watu walimpisha bila kuombwa. Mashine zake mbili hakuzirithi kwa mtu. Alianza kwa kupima unga kwa vikombe akiwa amekaa chini, akanunua ya kwanza, na ile kubwa akaileta miaka ile barabara ya kando ya ziwa ilipokuwa ikitiwa lami na vibarua wakila kama moto wa kiangazi.

Alipokwenda kukata bima ya moto, wafanyabiashara wenzake walimcheka. Walimwambia analipa watu wa Kigali wamngojee apate msiba. Yeye aliwajibu kwamba mali ya jasho haiachwi ilale peke yake, akalipa, na kila mwaka akalipa tena kabla ya kukumbushwa.

Aliyekuwa na la kumlaumu ni mtu mmoja tu, Birindwa, fundi wa kuchomelea, mtu wa kabila la Washi kutoka Bukavu, aliyepanga kiwanja cha jirani. Birindwa alitengeneza milango na madirisha ya chuma, akayapaka rangi nyeusi, akayaegemeza ukutani yakauke. Na kila jioni Nasiba na wasaidizi wake walipofagia nyumba ya mashine, vumbi la unga liliruka ukuta likatua juu ya rangi mbichi, mlango mpya ukaota mvi kama mzee. Walikwisha kupelekana kwa mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wao, wakapatanishwa, wakagombana tena, hata mwishowe wakaacha kusalimiana. Msiba ukimpata mmoja wao, mwenziwe alituma mchango kwa mkono wa mtu mwingine.

Moto ulizuka mchana, wakati wa kiangazi, Nasiba mwenyewe akiwa kwenye mizani. Mkanda wa mashine kubwa uliteleza kwenye gurudumu lake, ukasuguana na chuma, ukafuka moshi. Kalisa, mwendesha mashine, alikimbilia swichi, lakini mkanda ulimtangulia: ulikatika, ukaruka ukiwaka, ukaangukia rundo la magunia matupu. Nasiba aliliona hilo kwa macho yake. Aliwatoa watu wote nje, akahesabu wasaidizi wake kwa kuwaita majina, na alipohakikisha hakuna aliyebaki ndani, ndipo akageuka kuitazama nyumba. Watu walikuja na vidumu vya maji kutoka sokoni, wakapambana, lakini maboriti yalikuwa yamekwisha kushika. Jua lilipoinama hapakuwa na kitu ila kuta nyeusi, bati zilizojikunja, na mashine mbili zilizosimama katikati kama ng'ombe waliochunwa.

Hakulia mbele ya watu. Kesho yake alifika mapema na fagio, akaanza kuondoa majivu.

Kampuni ya bima ilimtuma mkaguzi aitwaye Muhigirwa, kijana mwenye adabu, aliyeingia kwenye majivu na viatu vyake safi bila kulalamika. Alipiga picha, akauliza maswali, akaandika. Nasiba alimweleza habari ya mkanda kama ilivyokuwa, hakuongeza wala hakupunguza. Muhigirwa aliondoka, zikapita wiki kadhaa, akarudi na jibu. Mkanda peke yake, alisema, usingeteketeza nyumba nzima. Wakubwa wake waliona kwamba vumbi la unga liliachwa likagandamana juu ya maboriti, nalo ndilo lililoueneza moto. Mkataba ulitaka nyumba iwekwe safi. Kwa hiyo kampuni haitalipa.

Kijana akainama, akashusha sauti.

"Maman Nasiba, kuna njia nyingine. Kwa jirani yako wanachomelea, na cheche zinaruka. Ukitia saini kwamba moto ulitoka kwa Birindwa, habari ya vumbi haitakuwa na maana tena, maana chanzo kitakuwa nje. Wewe utalipwa yote. Sisi ndio tutakaomdai yeye."

"Siku ile karakana yake ilikuwa na kufuli. Alikuwa amevuka kwenda Bukavu, kwenye matanga."

"Nani mwingine anajua?"

"Miye najua," alisema Nasiba.

Muhigirwa hakuwa mtu mbaya; alitumwa, na alidhani anamsaidia. Aliiacha karatasi mezani, akamwomba afikiri.

Wala haikuwa rahisi kufikiri. Habari ilimfikia Sibomana, mwanawe, aliyekuwa mwalimu Bugarama, akapanda kuja kwa mama yake amekunja uso. Alimkumbusha kila neno chafu ambalo Birindwa amewahi kumtupia, mbele ya wateja na mbele ya mkuu wa mudugudu. Alimwambia kwamba mtu yule hana bima wala akiba. Kampuni ikimshika itachukua mashine yake ya kuchomelea, naye atarudi kwao, na ugomvi utakwisha. Tena, aliongeza, kama Birindwa ndiye angekuwa kwenye nafasi hii, angekwisha kutia saini zamani.

"Inawezekana," Nasiba alimjibu. "Lakini jina litakaloandikwa pale ni langu, si lake."

Sibomana aliondoka na hasira. Nasiba alibaki amesimama kwenye kiwanja chake kitupu, na ng'ambo ya ukuta msumeno wa Birindwa ukaanza kulia kwenye chuma, sauti ile ile iliyokuwa ikimkera hata wakati wa sala ya alasiri. Fundi yule alikuwa akifanya kazi, na yeye hana kazi. Kwa muda ule, kusema kweli, mkono ulimwasha. Alikwenda ndani, akaichukua karatasi, akaisoma hadi mwisho. Ilisema kwamba yeye, Nasiba, ameona cheche zikivuka ukuta. Akaikunja. Muhigirwa aliporudi kuichukua alimkabidhi vilevile ilivyokuwa, bila saini, akamwambia kwamba anaijua njia iliyoandikwa ndani ya mkataba: mteja na kampuni wasipoelewana, shauri lao huenda kwa msuluhishi. Basi na liende.

Miezi ile ya kungoja hakumruhusu mtu amwonee huruma. Aliteremka Bugarama na mahindi na mihogo yake, akasagisha kwenye mashine ya watu, akapakia magunia kwenye lori akarudi nayo, na akaweka tena meza sokoni, akipima kwa vikombe kama zamani. Wateja wa Bukavu walimfuata palepale mezani. Wale wenzake waliomcheka siku ya bima walimletea mchango katika bahasha. Aliupokea kwa mikono miwili, akawashukuru, akawarudishia. Aliwaambia kwamba yeye hajafiwa. Ana haki yake mahali, na anaifuata.

Msuluhishi aliyekubaliwa na pande zote alikuwa Mukamurenzi, jaji mstaafu, mama mwenye miwani minene asiyependa maneno mengi. Walikutana asubuhi katika chumba cha mikutano cha hoteli moja inayotazama ziwa. Nasiba alivaa nguo yake ya Idi na mtandio mpya. Sibomana alikuja pia, akaketi nyuma yake. Hasira ilikuwa imekwisha kumtoka na mahali pake kuingia wasiwasi.

Wakili wa kampuni hakumtukana. Alimuuliza kwa upole jinsi nyumba ilivyokuwa ikisafishwa. Nasiba alieleza kwamba walifagia kila jioni, chini na juu, na fagio la mti mrefu kwa ajili ya maboriti. Wakili akauliza nani anaweza kuthibitisha. Nasiba akamtaja Kalisa na wasaidizi wengine. Wakili akatikisa kichwa taratibu.

"Hao wanakula kwako," alisema. "Mimi nauliza mtu asiyekula kwako."

Nasiba alijua kwamba amesema kweli, na alijua pia kwamba kweli isiyo na shahidi ni kama unga kwenye upepo. Alinyoosha mgongo tu, akangoja.

Mlango uligongwa. Aliyeingia alikuwa Birindwa, na nguo zake za kazi, zimetobolewa na cheche kifuani, kofia mkononi. Nasiba alidhani amekuja kummalizia. Mukamurenzi alimuuliza yeye ni nani na ameitwa na nani.

"Miye ni Birindwa, fundi wa milango ya chuma, jirani yake. Hakuna muntu aliniita," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Nimesikia banasema huyu mama alikuwa hafagie. Miye nimegombana naye myaka mingi sababu anafagiaka. Kila mangaribi, kukiwa mvua, kukiwa jua. Vumbi yake yote inaanguka ku milango yangu, rangi inaharibika, ninapaka tena. Muulizeni mkuu wa mudugudu ni mara ngapi nimemushitaki. Kama hiyo vumbi ingekuwa inabakia ndani ya nyumba yake, miye ningekuwa muntu wa amani."

Watu walicheka, hata Muhigirwa aliziba mdomo kwa mkono. Mukamurenzi hakucheka. Alimuuliza kama yeye na Nasiba ni marafiki. Birindwa akasema hapana, hata salamu hawapeani. Basi kwa nini ameacha kazi yake kuja hapa?

Birindwa alizungusha kofia mikononi. Alieleza kwamba kuna siku watu wa bima walikuja kwake kupima ukuta na kuuliza kama anachomelea mchana. Aliogopa. Alikaa akingoja aitwe, akijua kwamba neno moja la jirani lingetosha kummaliza, na kwamba jirani yule hampendi. Siku zikapita, hakuitwa.

"Nikaelewa kuna muntu alikatala," alisema.

Wakili alimgeukia Nasiba, na safari hii ilionekana anauliza kwa kutaka kujua. Alikuwa na adui mlangoni na malipo mezani. Kwa nini alikataa?

"Nilimkasirikia miaka mingi, na sijaacha," alisema Nasiba. "Lakini hasira yangu ni yangu. Sikodishi."

Sibomana, nyuma yake, aliinamisha kichwa, na alipokiinua macho yake yalikuwa yamelowa. Baadaye, hata mbele ya wanafunzi wake, alikuwa akisimulia asubuhi ile, akitamka neno "mama yangu" kama mtu anayetaja cheo.

Walipotoka nje, Birindwa alikuwa ameshaanza kupanda njia ya kurudi Kamembe. Nasiba alimwita. Walisimama wakitazamana, watu wawili wazima waliosahau jinsi ya kuanza.

"Nikijenga, vumbi litarudi," Nasiba alimwambia.

"Na miye nitarudi kwa mkuu wa mudugudu."

"Utanikuta huko." Kisha akaongeza, "Nawe pole na matanga, Papa Birindwa. Sikukupa pole."

Birindwa alishika kofia kifuani, akasema asante, akaenda zake.

Uamuzi ulitoka kabla ya mvua za vuli. Mukamurenzi aliandika kwamba hakuona uzembe wowote kwa mwenye mashine. Kwamba shahidi aliyekuja kumlalamikia ndiye aliyeuthibitisha usafi wake kuliko yeyote. Na kwamba kampuni ilipe kama mkataba ulivyosema. Nasiba alimwambia Sibomana amsomee. Kiasi cha fedha alikisikiliza mara moja tu. Lakini pale palipoandikwa kwamba hakuna uzembe, alimtaka arudie, kisha arudie tena, na mwisho akaenda kukaa peke yake barazani, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto.

Nyumba ya mashine ilisimama upya, paa juu kuliko la kwanza, milango ikiwa ya chuma. Milango hiyo aliiagiza kwa Birindwa, akapunguziwa kidogo tu, nao wakabishana juu ya bei siku nzima kama inavyostahili.

Siku ya kufungua, mkuu wa tawi la kampuni alifika na mpiga picha na hundi kubwa ya kadibodi, urefu wa mlango. Alitaka Nasiba aishike upande mmoja, yeye upande wa pili, watabasamu, na Nasiba aseme maneno mawili ya shukrani, ili wafanyabiashara wengine wajue kwamba kampuni hulipa. Wateja walijipanga mlangoni wakingoja kuona.

Nasiba aliitazama ile kadibodi. Alimwambia bwana yule, kwa heshima na bila kupaza sauti, kwamba bima yake ataendelea kuilipa, na watu akiwaambia wakate bima atawaambia kwa moyo mweupe, kwa sababu ni kitu cha maana.

"Ila shukrani huwa namtolea mtu aliyenipa zawadi," alisema. "Hiki kilikuwa changu. Kama mnataka picha, nipigeni na mashine."

Mkuu wa tawi alisita. Muhigirwa, aliyekuwa nyuma yake, aliichukua hundi ile taratibu na kwenda kuiegemeza ukutani, ambako hapakuwa na hata uzi mmoja wa buibui. Kalisa akawasha. Mashine mpya ilikohoa, ikakamata, ikaanza kunguruma hadi sakafu ikatetemeka, na unga wa kwanza ukashuka mweupe ndani ya gunia. Nasiba alichota kidogo, akausugua kati ya vidole, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaweka mkono juu ya chuma, unga umempanda hadi kiwikoni, akainua kidevu, akamtazama mpiga picha.

Picha ile, walisema waliokwenda Kigali, ilitundikwa ukutani katika ofisi ya kampuni. Walimletea habari mezani kwake kama jambo la kufurahisha, wakacheka kwamba ndani yake hacheki hata kidogo, ametazama kama anayedai.

"Vizuri," alisema Nasiba, na akaendelea kupima.